Arobaini na Saba, Jumlisha Toa Sita

Chupa tatu zimefika Machomanne saa nane mchana,
zimeviringwa kanga, zimebanwa magotini mwa Shaame
aliyezileta kwa pikipiki kutoka Kiuyu.
Barafu imeshakuwa maji.
Naandika: nyuzi kumi na tisa. Naandika na saa.
Shaame auliza, hata hiyo yaandikwa?
Hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa.

Mashine haina uganga.
Ni pampu, na safu nyembamba kama kalamu ya risasi,
na maji ya magadi, ndugu ya yale
unayotia kwenye maharage yaliyogoma kuiva.
Magadi husukuma, chumvi hupita mlangoni moja moja.
Floraidi hutangulia, mwepesi, haagi.
Kisha kloraidi, na huyu akija
ujue bahari imeingia kisimani kwa mlango wa uani:
kilele chapanda, chapanda, chagonga dari ya karatasi,
na mgongoni mwake, kwenye mteremko,
pana kinundu.

Chaweza kuwa naitraiti.
Chaweza kuwa si kitu.
Nikizimua mara kumi, kloraidi anashuka, anakaa kitako,
na kinundu kinazama naye.
Nifundisheni basi
namna ya kumtuliza mpiga kelele
bila kumziba mdomo anayenong'ona.

Juzi chupa yangu tupu,
maji yaliyosafishwa mara mbili, yasiyotoka kisima chochote,
ilitoa chumvi.
Nilisaka siku nzima. Ilikuwa kidole changu,
jasho langu kwenye kizibo.
Kidogo tu ningekishitaki kisima cha watu
kwa chumvi ya mwili wangu.

Leo glavu.
Leo nimekikopesha kisima miligramu ishirini za naitreti
nilizozipima mwenyewe, nione kitarudisha ngapi.
Kimerudisha kumi na tisa na nukta moja.
Nawajua watu Chake Chake nzima,
sijaona mdaiwa wa namna hiyo.

Umeme ukakatika dakika ya tisa,
naitreti akiwa na mguu mmoja mlangoni.
Nikangoja. Nikaosha safu. Nikaanza upya
na chupa iliyozidi kupata joto.
Hilo nalo nimeliandika.

Alasiri sheha akapiga simu, Bwana Mkadam.
Mwanangu, nipe namba moja tu, nina kikao.
Vyoo vya skuli viko hatua thelathini, watu wanasema.
Kikomo si hamsini? Wewe umepata ngapi?

Arobaini na saba.

Alhamdulillahi.

Ngoja, mzee. Jumlisha toa sita.

Hiyo sita ya nani?

Ya barafu iliyoyeyuka Konde.
Ya umeme. Ya safu iliyochoka,
imeshapitisha maji ya kisiwa kizima.
Ya mkono wangu.
Yaweza kuwa arobaini na moja. Yaweza kuwa hamsini na tatu.

Kimya. Upande wake jogoo akawika, saa hizo.
Basi mashine yenu haiaminiki.

Mzee, mashine ikikupa namba isiyo na sita yake,
hiyo ndiyo uikimbie.

Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyeridhika.
Nikamwambia: maziwa ya watoto wachanga
yasikorogwe kwa maji hayo mpaka Jumatano.
Jumatano naja mwenyewe, na barafu tele,
na chupa sita, na nitachota asubuhi
kabla ndoo hazijaanza kukivuruga kisima.
Na kile kinundu? Sikumtajia.
Sijui nikitajeje kitu ambacho huenda hakipo.

Fomu ya matokeo ina kisanduku kidogo,
aliyekichora alikipimia tarakimu mbili.
Nne. Saba.
Sita nimeiandika pembeni, nje ya mstari,
kwa wino ule ule,
kwa ukubwa ule ule.